Mafuta Wasiyoweza Kupora

Jumatatu, 8 Oktoba 2001. Beni, Mulekera.

Nimepimwa! Katungu, mke wangu, ndiye aliyenikokota hadi kituo cha afya. Eti nakoroma kama lori la mpakani Kasindi na naamka mara nne kwenda kukojoa. Nilikubali kwa sababu moja tu: jirani yangu Melchior, muuza mandazi, naye alikuwa anapimwa leo. Melchior ni mnene, milango mingine huingia kwa ubavu. Mimi ni mwembamba. Nilitaka niwepo muuguzi Abdias akimgombeza.

Mambo yakageuka. Presha ya Melchior kumi na tano, imezidi kidogo tu. Yangu kumi na tisa! Abdias akanizungushia kamba tumboni, akabonyeza, akaguna. Akasema miguu yangu ni ya kuku lakini tumbo ni gumu kama ngoma, kwa sababu mafuta yangu hayako chini ya ngozi. Yako ndani kabisa, yamelifunika ini, yamezunguka utumbo. Hayo ndiyo mabaya zaidi. Yanapandisha presha, yanaleta ugonjwa wa sukari, yanapasua mshipa kichwani. "Papa Zacharie, mutu anaweza kuwa mwembamba na mafuta ikamuua. Hapana angalia mukono. Angalia ndani."

Akakataza mandazi, sukari, mawese mengi na kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Akaagiza mboga ya majani ya lengalenga, maharage na kutembea. Katungu alisikiliza yote. Mimi nilibaki na neno moja: ndani.

Jumanne, 9 Oktoba.

Nimefikiri asubuhi nzima dukani kwangu. Tangu vita ianze nimeporwa mara tatu. Baiskeli niliificha juu ya dari, wakaipata. Chumvi niliizika chini ya jiko, wakaichimba. Mbuzi niliyemfungia chumbani alilia mwenyewe askari wakiwa mlangoni, mjinga yule. Leo naambiwa nina mali mahali ambapo hakuna askari anayeweza kupekua. Na Abdias anataka niitoe!

Melchior ameiweka yake nje, kila mtu anaiona. Kwenye vizuizi vya barabarani askari wanamtoza mara mbili kwa ajili ya tumbo lile. Mimi napita kama maskini. Sasa nani mwenye akili?

Uamuzi: naongeza. Siku mji mzima utakapokimbilia msituni bila chakula, mimi nitaishi mwezi kwa nilichobeba mwilini.

Ijumaa, 12 Oktoba.

Kikwazo ni Katungu. Sokoni hakuna lengalenga hata jani moja, maana wanawake hawaendi tena mashambani. Njia zina watu wa bunduki. Mjini tunakula kinachokuja kwa lori: unga mweupe, sukari, mafuta, biskuti. Basi Katungu ametoka alfajiri peke yake, mwendo wa saa mbili hadi shamba letu, akarudi na fungu zima kichwani.

Nilimwambia ni hatari. Akanijibu heri njia ile kuliko kuniona nimelala upande mmoja, mdomo umepinda, kama kaka yake Siméon kule Butembo kabla hajafa. Niliguswa, kusema kweli. Ndipo harufu ya mandazi ya Melchior ikaingia dukani.

Mpango! Melchior anaiogopa presha yake ndogo ile. Anatafuta majani, hayapati. Katungu ananiletea sufuria dukani kila adhuhuri, kisha anarudi nyumbani. Melchior anakula lengalenga nyuma ya duka. Mimi nakula mandazi yake kumi. Sufuria inarudi tupu. Kila mtu anafurahi!

Jumatano, 17 Oktoba.

Melchior amekaza mkanda matundu mawili. Anajisifu mtaa mzima. Anachukiza.

Kwangu mimi ghala linajaa. Nakunywa maji kama ng'ombe. Miguu imevimba. Macho yanaona ukungu, hasa nikisoma. Nikipanda mwinuko wa kanisani napumua kwa mdomo. Mzigo hauwezi kuwa mzito namna hii bila kuwa wa thamani.

Jioni Katungu alitazama ndani ya sufuria tupu akaniuliza, "Inakusaidia, papa?" Nikamwambia sana. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu tulipoporwa. Ningeweza kusema ukweli pale pale. Lakini mtu anaharibuje tabasamu kama lile?

Jumamosi, 20 Oktoba.

Katungu amechelewa kurudi. Hana jembe. Ndapala moja tu mguuni, mguu mwingine peku. Kitenge kimechanika hadi gotini. Akakaa chini jikoni, uso ukutani. Nikamuuliza kuna nini. "Hapana kitu." Nikamuuliza tena. "Nilisema hapana kitu!"

Nilitaka kumwambia asirudi kule kamwe. Sentensi nilikuwa nayo mdomoni. Lakini angeuliza nitaponaje bila majani, na ningelazimika kueleza habari ya sufuria, na Melchior angejua, na mtaa mzima ungejua. Nikakohoa. Baadaye akainuka, akaosha majani machache aliyoyaokoa, akawasha moto. Alisema maadamu yananisaidia, ataendelea.

Niliona aibu hata mandazi manne yakanishinda. Nilikula sita.

Jumanne, 23 Oktoba.

Katungu ametoka alfajiri. Saa sita sufuria haikuja. Melchior alikuja nyuma ya duka na kijiko chake, akangoja, akaondoka. Saa kumi na moja bado hajarudi. Nimesimama mwanzo wa njia hadi miguu ikakataa. Hakuna anayetaka kwenda kumtafuta jua likizama. Nami siwezi kukimbia hata hatua ishirini.

Ijumaa, 26 Oktoba.

Walimkuta karibu na kijito. Alipigwa risasi. Majani yalikuwa bado yamefungwa vizuri, kwa ile kamba yake ya mgomba. Tulimzika jana. Nimelia hadi sauti imekwisha. Miaka kumi na tisa ya ndoa, Katungu! Nyumba haina mtu wa kuniita papa.

Melchior alilia kuliko mimi, jambo ambalo si adabu. Nilimvuta pembeni nikamkumbusha kwamba habari ya sufuria ni yetu wawili. Alinitazama kana kwamba nimemtemea mate, akaondoka bila kuaga. Leo amekataa kuniuzia mandazi.

Abdias alikuja matangani na kipimo chake. Presha ishirini na mbili. Akaniambia polepole, watu wasisikie, "Mama alikufa juu ya kukutafutia ile majani, papa. Basi uikule, uishi." Niliitikia kwa kichwa. Mkono wa kushoto una ganzi tangu asubuhi, lakini naandika kwa wa kulia, hakuna shida.

Majirani wameleta wali wa mafuta, nyama ya kukaanga, chai yenye sukari tele. Nimekula, maana mfiwa anahitaji nguvu. Nikiwa nakula nikayapima maneno ya Abdias, yote tangu siku ya kwanza, na sasa naandika wazi kwamba mtu yule hajui kazi. Alisema mandazi yanaua na lengalenga inaponya. Katika nyumba hii mmoja alifuata mandazi na mwingine alifuata lengalenga. Na mimi bado nipo.