Lebo ya NJE

Wananchi wote wa seli hii mnatangaziwa kwamba tatizo la mizigo kuchelewa limekwisha. Mizigo imesimama kabisa, na kilichosimama hakichelewi.

Hilo lilikuwa tamko langu la kwanza. Mimi ndiye msemaji. Shule nimemaliza juzijuzi, kazi nimepewa kwa sababu ya sauti.

Seli yetu iko kwenye kongosho. Tunatengeneza insulini, tunaifunga kwenye vifuko, kila kifuko kinabandikwa lebo ya NJE. Mama mdogo wangu ni mchukuzi. Anajitwika kifuko, anatembea juu ya kamba mpaka ukutani. Pale kulabu za ukuta na za kifuko zinashikana, zinajisokota, na kengele ya kalsiamu, ile ya sukari kupanda, ikilia tu, ngozi ya kifuko inaungana na ukuta, insulini inamwagika kwenye damu. Sukari inashuka. Basi.

Sasa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mambo ya Nje akaziona zile lebo.

"Kwa nini kifuko kina cheo changu?"

"Hiyo ni anwani, Mheshimiwa," mama mdogo akasema.

"Ni cheo. Zibanduliwe."

Zikabanduliwa. Iliyong'aa kuliko zote akajibandika kwenye koti, kifuani. Vifuko vikajaa korido, kwenda chooni unapita ubavu ubavu. Huko nje sukari inapanda, mwenye mwili anaona kizunguzungu. Nikatoa tamko kwamba kizunguzungu ni dalili ya kasi ya maendeleo.

Ila pembeni nikamnong'oneza, "Mama mdogo, peleka hata kimoja. Mwenye mwili akianguka, na sisi kwisha habari yetu."

"Hakina lebo, mwanangu, nikipeleke wapi? Mimi miguu tu. Nikiona NJE, natembea."

Mheshimiwa akapita, kifua mbele. Mama mdogo akasoma. Akajitwika Mheshimiwa.

"Nishushe, wewe mama. Unajua mimi ni nani?"

"Si imeandikwa."

Kulabu za ukuta zikamdaka kwa heshima zote, zikajisokota. Kwa sukari ile, kengele haikungoja kibali. Koti likaungana na ukuta. Mwenyewe akamwagika.

Kwa kuwa ofisini hayupo, lebo tumezirudisha. Vifuko vinatoka, sukari inashuka, mwenye mwili ameomba maji na ameacha kushika kuta.

Tamko la leo ni fupi. Mheshimiwa yuko nje kikazi, mara ya kwanza tangu ateuliwe. Anagonga, anataka kuingia. Tumemjibu kwa adabu, kupitia koti lake, kwamba NDANI ni cheo cha mtu mwingine.