Turudishieni Mkwaruzo Wetu

Ndugu Meneja wa Matoleo Mapya,

Natumaini barua hii imekukuta mzima, maana ukifika mwisho sina hakika.

Mimi ni fundi viatu, na ni katibu wa klabu ya watu watatu tunaoipenda ile santuri yenu ya zamani: magitaa yanayong'aa, sauti zinazopandana, nyimbo kumi na mbili fupi, zote za kijana anayempenda msichana asiyepokea simu. Kila Jumamosi kwa miaka ishirini na sita tumeisikiliza kwenye saluni ya shemeji yangu kinyozi. Mwezi uliopita jua la dirishani likaikunja ikawa kama bakuli. Binti yangu akatununulia toleo lenu jipya, lililosafishwa. Hapo ndipo mlipotuumiza.

1. Wimbo wa nne, upande wa pili. Kwenye nakala yetu mwimbaji anasema "nisubiri" mara nne, kisha anaruka hadi kwenye gitaa. Kwenye yenu anasema mara moja tu, kama mtu anayeagiza chai.

2. Mwenzetu, mwalimu mstaafu wa hesabu, ameandika kurasa tisa kueleza kwa nini ni mara nne wala si tatu. Amewasomea wateja wengi wa shemeji, ambao hawakuweza kukimbia kwa kuwa wembe ulikuwa shingoni. Sasa hata salamu haitikii.

3. Baada ya "nisubiri" kuna ubeti mzima tusioujua, na humo msichana anapokea simu. Tena anakubali. Shemeji yangu alivunja uchumba mara mbili akiamini mapenzi hayajibiwi. Nani atamrudishia wachumba wake? Mmoja sasa ana mjukuu.

4. Binti yangu anaolewa Jumamosi ijayo, na tuliahidi kuimba wimbo huo pamoja na santuri. Kwenye mazoezi, sisi tuko "nisubiri" ya tatu, santuri imeshatuacha na kwenda zake. Bibi harusi akasema kwa upole, "Baba, labda ninyi mkae tu mle chakula." Alipokuwa mchanga, zile "nisubiri" nne ndizo nilizomlazia. Sitaki kula, Ndugu Meneja. Nataka kuimba.

Kwa hiyo tunaomba, kabla ya Jumamosi, nakala yenye mkwaruzo mahali palepale. Mashine zenu zikishindwa, waiteni wanamuziki warekodi upya kwa kukwama. Kama wamezeeka tutawavumilia, nasi tumezeeka.

Wasalimie wote hapo ofisini, hata yule aliyesafisha. Mwambie hatumchukii, tunamshangaa tu.

Wako mwenye gundi vidoleni,
Katibu na Mshika Sindano

N.B. Mke wangu ameisoma barua hii kabla sijaibandika stempu, akacheka hadi akakaa chini. Kumbe mkwaruzo aliutia yeye, kwa kibanio cha nywele, siku ya pili tangu niilete santuri nyumbani, nilipokuwa nimerudia upande wa kwanza mara kumi na moja. Kwa hasira akakosea upande. Basi msitume chochote. Amekwenda kutafuta kibanio. Nakala yenu safi iko mezani, upande wa pili juu, na bibi harusi ndiye anayeishika isitikisike.