Jinsi Milembe Alivyolishinda Bakuli la Mia Mbili

Sogeeni, enyi watu wa Bariadi, nanyi mliotoka Kasoli na Lalago na mizigo ya pamba! Tueni mizigo, mnisikilize, kwa maana nitanena habari za Milembe, jabari wa jikoni, mke wa Bundala, aliyeingia vita vya supu peke yake.

Ulikuwa msimu ule wanunuzi binafsi walipoanza kugombea pamba na chama cha ushirika, na hoteli zikachipua kila kona ya stendi. Bundala, mpima pamba, mtafunaji nyama asiyeogopa mfupa, akashikwa na gauti, maradhi ya viungo. Daktari akampigia marufuku nyama, akamwamuru supu ya mboga. Basi kila asubuhi akajikokota hadi hoteli ya Selestini, akanywa bakuli moja la shilingi mia mbili, akashinda huko huko akipiga soga.

Milembe alivumilia hata Jumamosi moja akasimama mlangoni, upawa mkononi mfano wa mkuki.

“Ewe baba Kabula! Kwa mia mbili hiyo hiyo nitainywesha supu nyumba nzima. Nikishindwa, nenda kwa Selestini mpaka uzeeke. Nikishinda, utakula hapa, nasi tukuone uso!”

Bundala akanena kwa sauti ya baraza: “Nimekubali, mama Kabula! Lakini kila kitu kihesabiwe, hata mkaa!”

Milembe akashuka sokoni. Kwa Nyanjige, muuza mboga ambaye hakuna aliyewahi kumwona akipunguza bei, nusu kabichi na karoti, nyanya na vitunguu vikameza mia na thelathini. Mafuta ya kupima yakateka ishirini, na hamsini ya mwisho ikaangukia kopo la mkaa. Akarudi kwa mwendo wa ushindi, akawasha jiko.

“Na chumvi?” akauliza Bundala kwa upole wa kutisha.

Milembe akautua upawa. Chumvi! Hata chembe haikuwemo ndani. Akachomoa karoti moja, akarudi mbio sokoni.

“Mayu Nyanjige, mama yangu, nakuomba, pokea karoti hii, nirudishie kumi yangu.”

“Tangu lini mimi nikarudisha hela?”

“Mume wangu amehamia hotelini, mayu. Nataka arudi nyumbani.”

Nyanjige akaguna, akatoa kumi. “Na karoti ondoka nayo!”

“Hapana, mayu. Tumepatana kuhesabu kila kitu.” Akaiacha karoti, akanunua chumvi.

Adhuhuri mama mkwe akanywa, watoto wanne wakanywa, Milembe naye akanywa. Bundala alionja polepole, akitafuta kosa. Akakwangua bakuli, akakohoa, akatazama pembeni, kisha akamnyooshea Milembe lile bakuli.

“Mama Kabula… kama imebaki.”

Ilibaki! Milembe akamjazia, akaketi kando yake, wakaongea mambo ya nyumbani mpaka supu ikapoa, jambo lisiloonekana tangu msimu uanze. Hivyo ndivyo ngome ya stendi ilivyoanguka, na mji wote wa Bariadi, laiti ungekuwa na habari, ungepiga vigelegele.