Nilivyouchambua Wimbo wa Tano

Leo nimeaibika mchana kweupe, na maikrofoni mkononi.

Mnanijua. Nashona viatu mtaa wa Doornfontein, nalala mtaa wa La Rochelle, na kabla ya kufika jiji hili la kusini nilishalala Mbeya, Lusaka na Harare. Kila mji nilihamia na redio yangu ndogo, na kila Jumapili mchana nilitafuta muziki wa kantri, kwa sababu marehemu baba hakuruhusu kitu kingine nyumbani siku hiyo. Basi Mama Neema, Mtanzania mwenzetu mwenye ile redio ya Kiswahili ya mtandaoni, aliponiambia anatafuta mtangazaji wa kipindi cha kantri cha Jumapili, sikulala siku mbili.

"Njoo uchambue albamu ya Solange siku ya uzinduzi," akaniambia. "Ukiiweza hiyo, kipindi ni chako."

Solange ni yule dada wa Bukavu anayesuka nywele Bertrams. Anatunga mwenyewe, anaimba mwenyewe, anapiga gitaa mwenyewe. Albamu yake ni kantri iliyochanganywa na soul, kwa Kiswahili, na tangu itoke mtandaoni watu wa magrupu ya simu wameikaanga. Wakenya (kantri ni yao, msiwaguse) wamesema gitaa ni zuri ila hakuna ng'ombe hata mmoja. Mchungaji wake amelalamika kwamba Yesu ametajwa mara mbili tu. Watoto wetu waliozaliwa hapa wameandika kwa Kiingereza kwamba ni muziki wa kusubiria daktari wa meno. Solange aliumia. Akaniomba niseme neno la haki.

Nimeisikiliza wiki nzima huku nikigonga soli. Wimbo wa tano ulinitoa machozi. Gitaa linaenda polepole, kinanda kinalia kwa mbali, kisha Solange anaacha kuimba na kutaja majina, moja moja. Papa Dieudonné. Mama Espérance. Tonton Gaby. Sisi tuliolelewa na redio kule nyumbani tunajua majina yakisomwa hivyo maana yake nini. Ni matangazo ya vifo. Nikaweka chini kiatu cha mteja, nikasimama kwa heshima.

(Sikumuuliza Solange. Mchambuzi anauliza?)

Leo saa nane ukumbi wa kanisa pale Bertrams ulijaa. Mama Neema alishika simu, tukawa hewani. Mimi nilivaa suti ya kuazima. Nikaanza vizuri, nawaapia. Nikasema ng'ombe si lazima, kantri ni mtu aliye mbali na kwao. Nikasema soul ni pale sauti inapokataa kuficha kitu. Makofi. Mama Neema akaninyooshea dole gumba. Ningeishia hapo. Lakini mimi na kutulia wapi na wapi.

Nikatangaza kwamba sasa tumefika kwenye moyo wa albamu, wimbo wa tano, nikaomba watu wasimame kuwaheshimu waliotajwa humo. Wakasimama wote. Nikashusha sauti, ile ya msomaji wa redio.

"Papa Dieudonné."

"Niko," sauti ikaitika mstari wa mbele.

Nikadhani ni desturi ya Wakongo, ndugu kumwitikia aliyetangulia. Nikaona inapendeza sana.

"Mama Espérance."

"Niko."

"Tonton Gaby."

Kimya. Nikatikisa kichwa kwa uchungu.

"Ameenda choo," mtu akasema.

Hapo mwenye akili angesita. Mimi nilikuwa nimeshafumba macho. Nikamalizia kwamba Mwenyezi Mungu awalaze mahali pema peponi, na watu kama watano wakasema amina kwa mazoea.

Nilipofumbua macho, mzee mnene mwenye kofia mkononi alikuwa amesimama mbele yangu.

"Mimi njo Dieudonné," akasema kwa upole, kwa Kiswahili cha kwao. "Nilikufaka siku gani?"

Solange alijifunika uso kwa gitaa. Ikabidi Mama Espérance (marehemu wa pili) anieleze kwenye maikrofoni, taratibu, kama mtoto, kwamba kwao msanii huwataja ndani ya wimbo watu waliomsaidia kurekodi. Yeye ndiye aliyenunua nyuzi za gitaa. Eish. Nilijua hilo! Nimesikia majina kwenye rumba maisha yangu yote. Lakini kwenye rumba jina linatajwa huku unacheza. Nani anatajwa polepole namna ile akiwa hai?

Wakati huo Tonton Gaby akarudi kutoka chooni, akifunga mkanda, na ukumbi mzima ukampigia makofi ya mtu aliyefufuka.

Kwa Solange mambo yamekuwa mazuri. Kila mtu alitaka wimbo wa marehemu, sidii zikaisha sanduku zima. Alipoaga alinishukuru, kisha akaongeza, "Lakini albamu ya pili usiichambue, kaka Salumu."

Mama Neema alinisubiri nje. Kipindi cha kantri amempa Mkenya, mmoja wa wale wa ng'ombe. Mimi amenipa dakika kumi kila asubuhi, nisome matangazo ya vifo. Amesema kwa sauti ile nimemliza hata yeye, aliyekuwa akimwona Papa Dieudonné kwa macho yake.

Nimekubali. Ila kila jina nitalipigia simu kwanza. Mwenyewe asipopokea, ndipo nitasoma.