Mbuzi wa Tatu Alikuja na Mwenyewe

Marafiki, leo nimeaibika mbele ya wakwe, na hata si wakwe zangu.

Kaka yangu Mutua alikuwa anapeleka ntheo, wale mbuzi watatu ambao bila wao Mkamba hawezi kusema ana mke. Wawili walikuwepo. Wa tatu nilijitolea kumnunua mimi, asubuhi, sokoni Tseikuru.

Stima ilipotea jana, mtandao ukaifuata. Pesa zangu zote ziko kwenye simu. Mtu mwingine angelia. Mimi nilifurahi. (Ndiyo, nilifurahi.) Kwa miezi nimekuwa nikijiuliza kama kweli bitcoin inaweza kulipa bila mtandao.

Abdi, muuza mbuzi, hutumiwa bitcoin na nduguye aliye ng'ambo, kwa hivyo hakushtuka. Nikaandaa malipo, yakatokea kama mraba wa vidoa vyeusi, akaupiga picha kwa simu yake. Nikamweleza kwamba mtandao ukirudi simu yake itayatuma yenyewe, na dunia nzima itashuhudia.

"Na kabla haujarudi, unaweza kumlipa mtu mwingine pesa hizo hizo?"

Swali zuri. (Kwa nini sikujiuliza mimi, na digrii yangu?) Nikasema ukweli: naweza.

"Basi twende pamoja," akasema, akashika kamba ya mbuzi.

Tulipofika ukweni, wazee wa upande wa bibi harusi wakakagua mbuzi. Meno, masikio, miguu. Walipofika kwa wa tatu, wakamkuta Abdi upande wa pili wa kamba. Wakauliza huyu ni nani wetu. Mutua akanitazama. Mimi nikatazama simu.

"Mimi nangoja mtandao," Abdi akajibu kwa heshima.

Mzee mmoja akatangaza kwamba mbuzi mwenye mwenyewe hahesabiki. Sufuria zikafunikwa tena. Nikapanda juu ya tangi la maji kutafuta mtandao, simu mkononi, na suti yangu mwilini. Hakuna kitu.

Mwishowe Susu, nyanya wa bibi harusi, akafungua fundo la leso, akamlipa Abdi noti, akachukua kamba na kumpa Mutua.

"Haya, mkwe. Sasa niletee ntheo yangu."

Mutua akamrudishia. Vigelegele. Nilishangilia kutoka juu ya tangi.

Jioni mtandao umerudi. Simu ya Abdi imetuma malipo yenyewe, kama nilivyoahidi, kwa hivyo amelipwa mara mbili. Nimempigia. Amesema atanirudishia, ila kwake stima imepotea tena. Kama sina imani, nije nishike kamba.