Komba Amelala, Kidudu Kiko Macho

Jumatatu, 3 Juni
Balaa! Mama Mkurugenzi katangaza: chumba kimoja cha makumbusho kinafungwa. Ijumaa wageni watapiga kura kwa maharage, kopo la shemeji au kopo langu. Atakayeshindwa anahamia stoo, pamoja na mafagio. Shemeji, kaka wa mke wangu, ana chumba cha komba. Mimi nina kidudu cha baharini, seli moja tu, kionekanacho kwa hadubini. Miaka tisa nakibadilishia maji ya chumvi. Stoo? Mimi?

Jumanne, 4 Juni
Nimemchungulia adui. Komba analala kutwa nzima, mkia nje ya sanduku. Watu wanapanga foleni kuona mkia! Nikabandika ubao wa kulinganisha. Komba: seli mabilioni, zote zimelala. Kidudu: seli moja, iko kazini. Komba: hujengewa nyumba. Kidudu: hujijengea gamba mwenyewe. Shemeji kausoma, kauliza kama kidudu changu kina macho. Nikasema hakina. Akasema ndiyo maana kimekubali kuishi na mimi.

Jumatano, 5 Juni
Fundi cherehani mmoja kainamia hadubini, kashangaa: kina miguu! Nikahutubia dakika kumi juu ya miguu hiyo. Ilikuwa kope yangu.

Alhamisi, 6 Juni
Nimepata! Kesho nazima swichi ya chumba cha komba. Asiyeonekana hapigiwi kura. Mke wangu kasema nimwache kaka yake, maana mchimba kisima... Sikumngoja amalize. Nikamwambia hiki nimekipima.

Ijumaa, 7 Juni
Nimezima. Komba kaamka! Kumbe giza ndiyo asubuhi yake. Nani angejua? (Imeandikwa mlangoni kwa shemeji. Sikuwahi kusoma.) Kuruka, kuning'inia, macho kama visahani! Mwanga wa mlangoni ukawatosha wageni, makofi! Na taa ya hadubini yangu? Swichi ileile. Waliokuja kwangu walichungulia weusi mtupu. Kopo la shemeji limefurika. Langu lina harage moja, nililotia mwenyewe. Shemeji kanishika mkono mbele ya watu, kanishukuru. Eti mwaka mzima anaomba giza lile, ofisi inamkatalia.

Jumamosi, 8 Juni. Stoo.
Hakuna dirisha. Kidudu kiko juu ya ndoo, nimekaa juu ya debe. Mke wangu kauliza nimejifunza nini. Nikamjibu: watu wanapenda giza. Na huku giza ni la kumwaga! Tayari nimeandika ubao: NJOONI MUONE KIDUDU GIZANI. Naanza Jumatatu. Taa ya hadubini nimeshaing'oa.