Kifyatulio cha Gramu Mia Saba

Jumatatu, 12 Juni 2017
Wakulima wa Mahango wamechoka na ugomvi wetu. Mimi Tefiro na Kathembo, wanunuzi wawili wa vanila, mlima mmoja. Wameamua: Jumamosi tulenge mkebe kwa bunduki za upepo. Mshindi atanunua vanila yote ya msimu, mwingine arudi kulima. Mimi na jembe! Mgongo wangu ni wa mfanyabiashara. Kathembo ana shabaha, lakini mimi nina akili. Nani aliyeikaza springi ya mizani yake kwa mkono wake, hata kilo ya mkulima inasoma gramu mia sita, kama si mimi? Mtu wa namna hiyo hashindwi na mkebe.

Jumanne, 13 Juni
Nimeshuka mjini Bwera. Wahab, fundi wa vyuma, ameniuzia kifyatulio cha hatua mbili. Kidole kinavuta kwanza polepole, kinagota mahali, hapo unatulia; ukiongeza kidogo tu, risasi inatoka. Changu cha zamani ni kuvuta ng'ombe mtoni. Dukani kwake tulinasa ndoano ya mizani yake kwenye kifyatulio, tukavuta mpaka kikaachia: gramu mia tisa, na namba ikiwa ndogo, kidole kinavuta kwa wepesi. Akasema, "Mukubwa, hii iko muzuri sana." Njia nzima juu ya boda kidole changu kilifanya mazoezi. Dereva aliniuliza kama naumwa.

Alhamisi, 15 Juni
Bahati! Jirani yangu Sunday, mwenye gereji, naye ana kifyatulio cha hatua mbili. Tumekipima nyumbani kwangu, kwa mizani yangu. Mia saba! Nikarudia mara tatu. Mia saba. Sunday akasema kidole chake kinakiona kizito kuliko cha Wahab. Nikamwambia kidole hakina namba. Nimekifunga kwenye bunduki. Cha Wahab nimempa Kathembo kwa jogoo mmoja. Akanishukuru, akasema hakujua nina moyo mwema. Nilicheka mpaka mke wangu, Evas, akauliza nimekula nini.

Jumamosi, 17 Juni
Aibu tupu. Kathembo alipiga mkebe mara tatu kwa tatu, kwa kifyatulio nilichompelekea mimi mwenyewe! Changu kiligota, nikavuta, kikagota. Nikavuta kwa hasira, bunduki ikaruka, risasi ikalia kwenye bati la choo cha mama Eseri. Yeye alikuwa ndani.

Sikukubali. Nikasema Sunday amebadilisha kifaa usiku. Nikatoa mizani yangu mbele ya wakulima wote, nikainasa kwenye kifyatulio, nikavuta: mia saba, jioneeni. Mama Eseri, ambaye alishatoka na hakuwa na furaha, akaleta pakiti ya sukari ya kilo moja, haijafunguliwa, akaomba nipime na hiyo. Sikuona ubaya. Nikaitundika.

Mia sita.

Mama Eseri akauliza kwa upole kabisa vanila yake ya wiki iliyopita ilikuwa kilo ngapi. Nimerudi kwa miguu, maana hata boda walikataa kunibeba.

Jumapili, 18 Juni
Evas ameegemeza jembe mlangoni. Imeniuma. Nimewaza siku nzima, na leo nakiri kosa langu: mtu mwenye busara hatumii mizani moja kwa kazi mbili. Kesho alfajiri nashuka Bwera kununua nyingine, ya haki kabisa, isiyodanganya hata gramu moja. Hiyo itakuwa ya bunduki. Ile ya zamani naipaka rangi. Desemba vanila inavunwa tena, na huko mlima wa pili hawanijui.